Wasambazaji wa tinti Kampala: mtu wa kuongea naye amekwenda wapi?

FundiVioo_Ndeeba

Wakuu, salaam. Naleta hili huku kwa sababu kwenye grupu la wauzaji ukiuliza unaondolewa kimyakimya.

Nabandika tinti, ile karatasi ya plastiki ya kutia giza vioo, hapa Ndeeba, magari kwa wingi, vioo vya maduka na ofisi mara moja moja. Sileti malalamiko ya bei. Dola tunaijua, usafiri kutoka Mombasa tunaujua, hakuna aliyesalimika. Ninachouliza ni hiki: yule mtu wa msambazaji aliyekuwa anazunguka amekwenda wapi?

Vijana mlioingia kazini juzi hamumjui, ngoja niwaeleze. Kila muuzaji wa jumla mwenye jina hapa mjini alikuwa na mtu wake. Anapita Katwe, Ndeeba, Nateete, mpaka Bwaise, mkononi kisanduku cha sampuli na taa yake ya joto. Anakujua kwa jina. Anajua una kipande gani kimebaki stoo, anajua nani ana mkono wa kioo cha nyuma na nani anaunguza. Mwezi ukibana anakuachia jora zima mali kauli, utalipa magari yakija. Ukikwama na kioo chenye tumbo anakunja mikono ya shati na kushika mashine ya hewa ya moto yeye mwenyewe. Na kubwa kuliko yote, mzigo mpya ukiingia una tofauti na wa zamani, anakuonya kabla hujaukata.

Sasa hivi una namba ya WhatsApp. Unaandika "asilimia 35 ipo?" unajibiwa kwa kidole gumba. Unatuma pesa kwa simu, boda analeta boksi. Ukiuliza swali la pili, tiki mbili za buluu na kimya.

Kilichonichosha ni cha wiki iliyopita. Mteja wangu wa siku nyingi ana Harrier, alivunjiwa kioo cha mlango wa dereva kwenye foleni ya Clock Tower, begi likaenda. Akanunua kioo kingine, akaja nibandike. Mlango wa abiria niliubandika mimi mwenyewe mwaka jana, kwa hiyo nikaagiza ile ile: chapa ile ile, namba ya bidhaa ile ile, asilimia ile ile, hata picha kwenye boksi ni ile ile. Chini ya bati ikaonekana sawa kabisa. Saa nane mchana gari likatoka juani. Mlango wa dereva una ukijani, wa abiria ni kijivu cha mkaa. Ukisimama mbele ya boneti ukatazama huku na huku unadhani milango imetoka kwenye magari mawili.

Nikatoa kipima mwanga. Vyote viwili vinasoma karibu sawa, ndiyo maana muuzaji alikuwa na jibu tayari: "Asilimia ni ile ile, fundi." Kweli ni ile ile. Lakini asilimia inasema mwanga kiasi gani unapita, haisemi rangi gani. Rangi inatoka na bechi ya kiwandani, yaani mkupuo mmoja wa utengenezaji, na namba ya bechi kwenye lebo ilikuwa nyingine. Mtu wa zamani angesema sentensi moja tu: "Hii iliyoingia ina ukijani, usiichanganye kwenye gari moja." Sentensi moja!

Je, ni mimi tu?

KisekkaOriginal

Banange, wewe bado unasubiri mtu akufuate? Mimi naingia dukani, nanunua kwa mita, narudi kazini. Sina jora, sina deni, sina stress.

FundiVioo_Ndeeba

@KisekkaOriginal na siku mteja akirudi na malengelenge unamwonyesha lebo ipi? Ukinunua kwa mita hata boksi hulioni.

KisekkaOriginal

Namwonyesha mlango wa kutokea 😂

Jinja_Glasi

Si wewe peke yako. Na huku kwenye majengo ni hatari kuliko kwenye magari, kwa sababu kwenye gari hasara ni tinti, kwenye jengo hasara ni kioo chenyewe.

Kuna fundi mwenzangu hapa Jinja alipata kazi ya ofisi ya ghorofa, upande wa magharibi, jua la jioni linawapika wafanyakazi. Akawasiliana na muuzaji wa Kampala kwa simu, akasema nataka nyeusi kabisa inayozuia joto. Akatumiwa. Hakuna aliyemuuliza kioo ni cha aina gani. Vile vilikuwa vioo vya safu mbili, vyenye hewa katikati. Tinti nyeusi ya kawaida haizuii joto kwa kulirudisha nje, inalinyonya. Kioo cha ndani kikawa cha moto katikati wakati kingo zake zimefichwa ndani ya fremu ya alumini, ziko baridi. Katikati kinataka kutanuka, kingo zinakataa. Haikuchukua muda vioo vikaanza kupasuka.

Nilikwenda kuviangalia. Mpasuko unaanzia ukingoni, unaingia kwa pembe mraba kabisa, halafu ukifika katikati unaanza kujipinda. Hiyo ndiyo sahihi ya joto. Jiwe au mpira ungeacha alama ya kupiga, na mipasuko ingetawanyika kutoka hapo.

Muuzaji alisema nini? "Kioo kilikuwa kibovu." Mwenye jengo akamkata fundi pesa yake. Zamani mtu wa msambazaji asingekuuzia tinti ya jengo bila kupanda kwenye hilo jengo. Anauliza: kioo kimoja au viwili? Kimepikwa kwa moto kiwe kigumu au cha kawaida? Kina waya ndani? Nyuma ya kioo kuna pazia zito? Hayo ndiyo maswali tuliyokuwa tunanunua bila kujua tunayanunua.

MamaStoo

Naomba niingie, nimekaa upande wa pili wa kaunta miaka mingi. Nilikuwa nauza tinti kwa muagizaji mmojawapo hapa Kampala, kisanduku cha sampuli nimekibeba mpaka bega likalegea. Sasa niko kwenye biashara nyingine, kwa hiyo simtetei mtu.

Baba zangu na kaka zangu, yule mtu mnayemlilia alikuwa analipwa na nani? Alikuwa analipwa na faida iliyokaa ndani ya jora. Mafuta ya gari lake, sampuli alizowaachia, siku nzima aliyokaa akikufundisha kuisinyaza tinti kwa joto ikiwa kavu juu ya kioo cha nyuma kabla ya kumwagia maji, vyote vilitoka humo. Halafu mkaanza kufanya hivi, na sisemi wote: unamwita aje, anakufundisha, anakuachia sampuli, ukishajua unachotaka unakwenda Kikuubo, kwenye maduka ya jumla, kwa mtu aliyegawana kontena na wenzake, unanunua ile inayofanana kwa bei ya chini. Bosi wangu akaniuliza, "Huyu fundi uliyekaa kwake mchana kutwa amenunua majora mangapi?" Jibu sikuwa nalo.

Ya pili ni mali kauli. Mwishoni mwa Machi 2020 magari binafsi yalizuiwa barabarani nchi nzima. Nani abandike tinti gari limefungiwa uani? Majora yalikuwa kwenu, pesa haikuwepo, na siwalaumu maana hata chakula kilikuwa shida. Lakini madeni yale mengi hayakurudi hata barabara zilipofunguliwa. Wengine walibadilisha namba za simu. Muagizaji aliyeungua mara moja anasema keshi kwanza, na ukishasema keshi kwanza humhitaji mtu wa kumjua fundi kwa jina. Kazi ya yule mtu nusu yake ilikuwa kujua nani analipa.

Ya tatu, EFRIS. Tangu mamlaka ya mapato ilete risiti za kielektroniki, kila boksi linalotoka linatakiwa kuwa na nyayo. Mnakumbuka maduka ya mjini yalivyofungwa Aprili 2024 kwa ajili ya mambo hayo. Yule mtu aliyekuwa anazunguka na majora sita kwenye buti, anauza moja hapa, anaacha moja pale, anabadilisha la tatu kule, kwenye vitabu anaonekanaje? Bosi anaona ni heri kila kitu kitoke kaunta moja.

Sisemi ni vizuri. Nasema haikutokea tu kwa sababu watu wamekuwa na roho mbaya.

FundiVioo_Ndeeba

@MamaStoo asante nnyabo, na kwenye madeni huna unayemsingizia. Nawajua waliohama mtaa kwa sababu ya jora moja.

Lakini tuachane na mali kauli, tuachane na kufundishwa. Kuandika "bechi mpya ina ukijani" kwenye grupu lenye mafundi mia kunagharimu nini? Grupu wanalo. Kila asubuhi wanatuma picha ya ua na "siku njema wateja wetu". Nafasi ya ua ipo, ya bechi hakuna?

MamaStoo

Hapo umenikamata. Ila nikwambie ukweli mchungu: anayetuma ua hajui kuna bechi. Amewekwa kujibu simu. Mtu aliyejua kutofautisha mizigo miwili kwa macho aliondoka au aliondolewa, na kilichokuwa kichwani mwake hakikuandikwa popote.

MzeeWaMalaba

Wanangu hamjambo.

Jinja_Glasi

Hatujambo mzee, shikamoo.

MzeeWaMalaba

Marahaba. Mimi ni wa kutoa mizigo hapa mpakani Malaba, tinti nimeiona ikipita tangu inakuja maboksi machache ndani ya kontena la vipuri. Mnagombana juu ya Kampala, lakini jambo hili lilianza mbali.

Kampuni ya 3M ya Marekani ilipata hataza ya kwanza ya tinti hizi za kubandika mwaka 1966. Baadaye wakawa watengenezaji wengi, kila mmoja anatafuta wakala wake katika kila nchi, na wakala anatunzwa: anapelekwa mafunzo, anapewa sampuli, anajibiwa barua. Halafu wakubwa wakaanza kununuana. Saint-Gobain ya Ufaransa ilichukua Solar Gard mwaka 2011. Eastman ilichukua Solutia, wenye LLumar, mwaka 2012. Na wakati huohuo viwanda vya Uchina, Korea na India vikawa vinatoa mali nyingi, ambayo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuagiza, abandike jina lake kwenye boksi.

Kwa hiyo sasa hivi jora unaloshika Ndeeba limepita mikono mingi. Kiwanda kinamjua mnunuzi wa Guangzhou au wa Dubai. Wa Dubai anamjua muagizaji wa Kampala. Wa Kampala anajua kontena. Nani kati yao anajua rangi? Na tatizo jingine ambalo sijaona mkilitaja: jina kwenye boksi likiwa ni la muagizaji, mwaka huu anaweza kulijaza kwa mali ya kiwanda hiki na mwakani kwa mali ya kiwanda kingine, na boksi likabaki lile lile. Fundi wa Harrier, huenda hukupata bechi tofauti. Huenda umepata kiwanda tofauti.

Na safari nayo. Kutoka Mombasa mpaka Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100, na foleni ya malori hapa kwetu mnaijua. Kontena la chuma juani ni tanuri. Boksi zuri la tinti lina vishikio viwili pembeni vinavyoliweka jora likielea, lisilaliwe na uzito wake. La bei ya chini vishikio hakuna, jora linalala ubavu mmoja siku zote hizo, gundi inajikunja. Ukilifungua huoni kitu, ukishabandika ndipo mistari ya kupita inajitokeza.

FundiVioo_Ndeeba

Mzee umeniamsha. Kiwanda tofauti! Nimerudi kuangalia: la zamani kile kipande cha karatasi ya kinga kilikuwa na maandishi madogo ya buluu kila baada ya nusu mita. La sasa ni jeupe tupu. Nilidhani wamebana matumizi ya wino.

Jinja_Glasi

Basi ushahidi umeupata.

West_Nile_Tints

Salaam kutoka Arua. Wakuu wa Kampala, samahani, lakini mnalilia kitu ambacho sisi hatujawahi kukionja. Mtu wa msambazaji Arua? Labda alikuja kumzika shangazi yake. Miaka yote tulikuwa tunapanda basi la usiku kwenda kununua jora moja, unafika umechoka, unauziwa lililokataliwa na nyinyi wa Ndeeba, unarudi nalo.

Kwangu mimi WhatsApp imeleta heshima. Namwambia muuzaji toa jora nje, lisimamishe juani, nipigie video, weka na karatasi nyeupe nyuma. Akikataa naenda kwa mwingine. Mzigo unapanda basi jioni, asubuhi uko kwangu. Nina wateja mpaka kutoka ng'ambo ya mpaka, Kongo na Sudan Kusini, na hakuna hata mmoja anayeuliza kama muuzaji ananijua kwa jina.

Nilichoumia ni kingine. Nilitumiwa jora "seramiki", ile tinti ya gharama ya kuzuia joto, kwa bei ya kufurahisha. Vioo vya milango vikakubali kwa sababu vimenyooka. Nikafika kioo cha nyuma cha Premio. Mnajua karatasi nzuri inasinyaa yenyewe kwa joto kufuata urefu wa jora, unaipanga vidole, yaani ile mikunjo inayosimama, vikae juu na chini, unapitisha hewa ya moto, vidole vinalala. Hii nikipasha inakaa imesimama kama ilivyo. Nikiongeza joto inakunjana kama mfuko wa kaveera jikoni. Haikuwa suala la mkono, niliikata upande unaotakiwa. Ile ni plastiki ya vioo bapa iliyoandikwa kuwa ya magari.

KisekkaOriginal

@West_Nile_Tints kaka hiyo naijua, wengine wanaiita "ya dirisha la choo". Inafanya kazi vizuri kabisa, chooni.

FundiVioo_Ndeeba

@West_Nile_Tints hiyo ya video na karatasi nyeupe naichukua. Lakini ona: wewe umemgeuza muuzaji kuwa yule mtu wa zamani, kwa lazima. Unamfanyisha kazi kwa kumtishia kuondoka. Asiyejua cha kumuuliza atatumiwa ya dirisha la choo, na vijana wengi wanaoanza hawajui cha kuuliza, kwa sababu aliyekuwa anawafundisha maswali ndiye huyo aliyeondoka.

Kijana_Nateete

Mimi ndiye hao vijana 🙋 Naomba kuuliza wakuu, kuna gari nililibandika likageuka zambarau ndani ya muda mfupi. Muuzaji anasema mteja alikuwa anaegesha juani sana. Sasa tinti isikae juani ikae wapi?

Jinja_Glasi

😂😂 Dogo, hiyo ni tinti ya kutiwa rangi tu. Weusi wake umechanganywa na rangi kadhaa, jua linaziua kwa zamu, inayobaki mwisho ndiyo zambarau unayoiona. Haina dawa, bandua. Taratibu kwenye kioo cha nyuma, ile mistari ya kuondoa ukungu ikitoka na gundi umenunua kioo.

MamaStoo

Kabla hamjamfanya yule mtu wa zamani kuwa malaika, nami niwakumbushe taa. Ile taa ya joto tuliyokuwa tunazunguka nayo, tunaiwasha nyuma ya vioo viwili, unaweka mkono: hapa moto, hapa baridi, unatoa pesa. Nimeuza sana kwa taa ile.

Taa ile inatoa miali ya infraredi kwa wingi, na karatasi iliyotengenezwa kuzuia hiyo miali itang'ara mbele yake. Lakini jua si taa. Karibu nusu ya nishati ya jua ndiyo infraredi, nyingine kubwa ni mwanga wenyewe tunaouona, na kipande kidogo ni ile inayochoma ngozi. Kwa hiyo boksi linaloandika "infraredi 99%" linaweza kuwa limepima kipande kidogo cha miali walichokichagua wenyewe. Namba ya kuuliza ni ile ya nishati yote ya jua iliyozuiwa, wanaiandika TSER, na hiyo haifiki 99 kwa karatasi yoyote unayoweza kuonea njia. Na tukiwa na mteja mbishi tulikuwa tunaizima taa mapema, kabla kioo chenye karatasi hakijapata moto. Karatasi inayonyonya, ukiiacha taa dakika kadhaa, kioo chenyewe kinaanza kukurudishia joto mkononi.

Tulifundishwa hivyo. Mtu wa kuongea naye alikuwepo, ndiyo, lakini alikuwa anaongea ya bosi wake.

FundiVioo_Ndeeba

Nnyabo wewe ni hatari. Miaka yote naweka mkono pale na kushangaa.

Bado nasimama palepale. Alinidanganya kwenye taa, sawa. Lakini akinidanganya kwenye rangi nilikuwa najua Alhamisi anapita, na nitamngoja. Sasa hivi namngoja nani? Namba ile ile ya simu wiki hii inajibiwa na dada, wiki ijayo na kijana, wote wanasema "ngoja nimuulize bosi".

Mteja_Tu

Mimi si fundi, ni mwenye gari. Hivi polisi wanaruhusu asilimia ngapi?

Jinja_Glasi

@Mteja_Tu hilo lina uzi wake ndugu, na lina kurasa nyingi. Hapa tunazika msambazaji.

MzeeWaMalaba

Yule wa Harrier, mliishia wapi na mteja?

FundiVioo_Ndeeba

Nimebandua mlango wa abiria uliokuwa mzima, nimeibandika yote miwili kwa jora jipya, kwa gharama yangu. Vyote vina ukijani sasa, amefurahi, anasema unamkumbusha mashamba ya chai ya kwao Fort Portal. Nimemtumia muuzaji picha ya kabla na ya baada pamoja na lebo zote mbili. Kidole gumba.

Tulichokubaliana hapa Ndeeba, mafundi tunaojuana, ni kununua kwa pamoja. Tunachukua boksi kadhaa za bechi moja, tunagawana, likiisha ndipo tunakwenda nyingine. Kila boksi likifunguliwa linakatwa ukanda wa upana wa vidole viwili, unabandikwa kwenye kioo kimoja kilichotundikwa nje, chini yake tunaandika kwa kalamu nyeupe namba ya bechi na mwezi. Mteja akirudi na mlango mmoja tunapeleka gari kwenye kile kioo kwanza. Na hakuna pesa inayotumwa kabla ya picha ya lebo, si picha ya boksi, lebo ya ndani ya bomba la jora.

MamaStoo

Vizuri. Ongezeni na hili: mkiwa wengi mnanunua pamoja, mwambieni muagizaji mnataka jina la mtu mmoja, si namba ya duka. Mtu huyo ajue kwamba nyinyi ni fungu kubwa na mkihama mnahama wote. Nilipokuwa kule, fundi mmoja akinipigia nilikuwa naweza kusahau. Fundi aliyenunua majora kumi kwa mkupuo nilikuwa namrudia hata nikiwa kwenye harusi. Faida iliyokuwa inamlipa yule mtu itarudi yenyewe mkikusanya oda.

West_Nile_Tints

Na sisi wa mbali tunaweza kuingia kwenye hilo fungu? Nachukua mawili kila mara, nalipa kabla.

FundiVioo_Ndeeba

Unaingia, ila nauli ya basi ni yako.

KisekkaOriginal

Mimi nina swali la kizushi. Mkinunua kumi kwa pamoja yatakaa kwa nani? Maana nawajua watu wa Ndeeba, asubuhi yatakuwa tisa.

FundiVioo_Ndeeba

Kwa mwenye stoo yenye dari. Bati tupu saa saba mchana linapika gundi. Funguo mbili, na daftari liko mlangoni. Wewe ukitaka mita zako njoo, tutakuuzia na lebo utaiona.